Barua taka zinafunika oda za kweli kwenye tovuti ya vikapu. Nianzie wapi kuzuia?

Mama_Milulu

Wakuu, habari za kazi.

Nina tovuti ndogo ya vikapu vya milulu na mikeka ya ukindu. Iko kwenye WordPress (mfumo wa kujengea tovuti) na WooCommerce (kiongezo chake cha duka), hostingi ya kuchangia yenye cPanel (paneli ya kuisimamia hostingi), domeni ya .co.tz. Anwani moja tu ya info@ inabeba kila kitu: oda, maswali ya wateja, risiti za hostingi, taarifa za mfumo. Imeandikwa wazi chini ya kila ukurasa, na imechapwa pia kwenye lebo zinazofungwa kwenye vikapu. Barua zote naelekeza ziende Gmail nizisome kwenye simu.

Yanayonisumbua ni haya. Fomu ya mawasiliano inaleta ujumbe wa Kirusi, wa mikopo, na wa watu wanaoahidi kuipandisha tovuti hadi ukurasa wa kwanza wa Google. Zinakuja barua za kunirudishia ujumbe "ulioshindikana kufika" ambao sikuutuma. Kuna wanaodai kampuni fulani ya China inataka kusajili jina la duka langu. Halafu kuna barua za kuomba bei ya jumla kutoka nje, ambazo sijui niziamini au nizifute.

Kichujio cha maneno hakinifai, maana mwenye duka wa Ulaya anayetaka vikapu mia mbili anaandika maneno yaleyale anayoandika tapeli. Na jambo la ajabu, ujumbe wa wateja wa kweli kutoka kwenye fomu ndio unaoangukia folda ya taka.

Naomba mwenye kujua anieleze nianzie wapi, na nini nisikiguse.

---

Posta_Safi

Dada, umeshaona kiini cha tatizo. Mnunuzi wako mzuri ni mgeni, anaandika Kiingereza, anatumia anwani ya bure, na anauliza bei. Kwa maneno hatofautiani na tapeli. Kwa hiyo chuja kwa kuangalia barua imeingiaje, na maneno yawe kitu cha mwisho kabisa.

Anza na fomu, maana ndiyo rahisi kutibu na ndiyo inayoumiza zaidi. Roboti hazisomi ukurasa wako, zinatafuta fomu yoyote na kuijaza. Weka mitego miwili isiyoonekana na mteja.

Wa kwanza ni sehemu ya kujaza iliyofichwa: mtu haioni, roboti inaijaza, na kilichojazwa kinakataliwa. Usiifiche kwa `display:none`, kuna roboti zinazoitambua. Isukume nje ya skrini kwa CSS (msimbo wa mwonekano wa ukurasa). Jina lake lisiwe "phone", "address" wala "email2", kwa sababu kivinjari cha mteja kinaweza kuijaza chenyewe na ukamkataa mtu wa kweli bila kujua. Ipe jina lisilo na maana, kisha ongeza `autocomplete="off"` na `tabindex="-1"`.

Wa pili ni muda. Ujumbe uliotumwa chini ya sekunde 4 tangu ukurasa kufunguka haukuandikwa na binadamu. Hapa wengi wanakwama: kama una programu-jalizi (plugin) ya kuhifadhi nakala za kurasa ili tovuti iwe nyepesi, alama ya muda nayo inahifadhiwa, inapitwa na wakati, na fomu inaanza kukataa kila mtu. Utoe ukurasa wa mawasiliano kwenye orodha ya kurasa zinazohifadhiwa.

Taka zikizidi, ongeza Cloudflare Turnstile, kikaguzi cha kutofautisha mtu na roboti. Ni bure na haimlazimishi mteja kuchagua picha za mataa ya barabarani, jambo linalokera na kula bando. Hakikisha seva yako inathibitisha jibu la Turnstile. Kuweka kile kisanduku kwenye ukurasa peke yake hakuzuii kitu, roboti inairukia fomu moja kwa moja. Akismet, kichujio cha taka za fomu na maoni, nayo ni nzuri, ila mpango wake wa bure ni wa tovuti binafsi zisizouza kitu, na duka ni biashara.

Sasa hili la ujumbe wa wateja kuangukia taka. Fungua mipangilio ya fomu uangalie sehemu ya "From". Nina hakika imewekwa anwani ya mteja. Maana yake seva yako inatuma barua huku ikidai ni ya Gmail au Yahoo ya mteja, na Gmail ikikagua inaona seva hiyo haina idhini. Weka hivi:

From: fomu@jina-lako.co.tz
Reply-To: anwani ya mteja

Ukibonyeza kujibu, jibu linakwenda kwa mteja kama kawaida. Pia usiiache WordPress itume kwa njia yake ya asili. Weka programu-jalizi ya SMTP (inayotuma barua kupitia sanduku lako halisi), ingia kwa nenosiri la fomu@ kupitia mlango (port) 465 au 587, ili barua zitoke na sahihi ya domeni yako.

Na ukiona taka iliyotoka kwenye fomu, ifute tu. USIBONYEZE "Ripoti taka". Barua hiyo imetumwa na domeni yako mwenyewe, na kila ukiiripoti unaifundisha Gmail kwamba domeni yako ndiyo chanzo cha uchafu.

Kuelekeza kila kitu Gmail nako kuache. Seva yako inapokea taka na kuzipeleka Gmail, na machoni pa Gmail wewe ndiye mtumaji. Zikizidi inaanza kuzuia kwa muda kwa majibu yanayoanza na 421, na oda zako zinachelewa kwenye foleni pamoja na takataka. Badala yake ongeza akaunti ya info@ ndani ya programu ya Gmail kwenye simu kama akaunti ya IMAP (njia ya kusoma barua zikiwa bado kwenye seva): mlango 993 wa kupokea, 465 wa kutuma, vyote kwa SSL (usimbaji wa mawasiliano). Utasoma palepale bila kuelekeza chochote.

Kwenye cPanel fungua "Default Address". Ikiwa imewekwa kupokea barua za anwani yoyote, hata zisizokuwepo, basi roboti inayokisia sales@, admin@, contact@ na mengineyo inakupata kila mara. Iweke kwenye `:fail:`. Hiyo inakataa barua mlangoni na mtumaji anaarifiwa. `:blackhole:` inaimeza kimya, na mteja aliyekosea herufi moja hatajua kwamba hukuipata. Ila tengeneza postmaster@ na uiache ipokee, ndiyo kanuni ya barua pepe.

Halafu gawanya kazi. oda@ ya WooCommerce na wateja uliokwisha kuwajibu, isiandikwe popote kwenye tovuti. malipo@ ya hostingi, msajili wa domeni na benki, asipewe mtu mwingine yeyote. info@ iache hai kwa sababu ya zile lebo, lakini sasa unajua kinachoingia humo ni cha wageni. Ikija barua ya "lipia domeni yako leo" kwenye info@ wakati msajili wako anaijua malipo@ peke yake, umeshapata jibu bila kuifungua.

---

Rekodi_TXT

Posta_Safi amemaliza upande wa fomu. Mimi naongeza upande wa zile barua zinazorudi.

SMTP, utaratibu unaosafirisha barua pepe hadi leo, uliandikwa mwaka 1982 na hauna kipengele cha kuthibitisha mtumaji. Yeyote anaweza kuandika anwani yako kwenye "From". Zile taka alizotuma kwa jina lako zikigonga anwani zisizokuwepo, taarifa ya kushindikana inarudi kwako.

Kwanza hakikisha si seva yako inayotuma kweli. Kwenye cPanel fungua "Track Delivery" uangalie zilizotoka. Kama hazimo, jina lako limeazimwa tu, endelea na rekodi hapa chini. Kama zimo, nenosiri limevuja au kuna faili la PHP (msimbo unaoendesha tovuti) limepandikizwa kwenye tovuti. Kwenye vichwa vya barua (maelezo ya kiufundi yaliyofichwa juu yake) tafuta mstari wa `X-PHP-Script`, mara nyingi unataja faili lenyewe. Badilisha nenosiri la sanduku, la cPanel na la WordPress, kisha kagua orodha ya vichujio na ya barua zinazoelekezwa kwingine. Mvamizi hupenda kuacha kanuni inayompelekea nakala ya kila barua, na kanuni hiyo haiondoki kwa kubadilisha nenosiri.

Rekodi ni tatu, zote za aina ya TXT (maandishi) kwenye DNS, yaani daftari la anwani la domeni yako:

SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako), kwenye domeni yenyewe:
`v=spf1 a mx ip4:192.0.2.10 ~all`
Badala ya 192.0.2.10 weka IP (namba ya anwani) ya seva yako. Iwe rekodi MOJA tu. Ukiwa na mbili zinazoanza na v=spf1, ukaguzi unashindwa kabisa, na hili hutokea pale mtu anapoongeza huduma ya jarida la barua pepe na kubandika rekodi mpya badala ya kuongeza `include:` kwenye ile ya zamani. Pia isizidi maulizo 10 ya DNS.

DKIM (sahihi ya kidijiti kwenye kila barua yako): cPanel inakutengenezea, ingia "Email Deliverability". Angalizo kwa wanaotumia DNS ya Cloudflare au ya msajili: kitufe cha kurekebisha cha cPanel kinaandika kwenye DNS ya hostingi, ambayo hakuna anayeisoma. Nakili rekodi kwa mkono ukaibandike kule inakosomwa. Ufunguo wa biti 2048 unavuka herufi 255, kwa hiyo mifumo mingine itakutaka uukate vipande viwili vyenye alama za nukuu.

DMARC (inawaambia wapokeaji wafanye nini na barua isiyofaulu ukaguzi huo), kwenye `_dmarc`:
`v=DMARC1; p=none; rua=mailto:dmarc@jina-lako.co.tz`
Anza na p=none (isizuie kitu), soma ripoti wiki kadhaa. Ni mafaili ya XML yaliyobanwa, yanakuonyesha ni seva zipi zinatuma kwa jina lako na zipi zimefaulu. Ukiona WooCommerce, sanduku lako na huduma ya jarida zote zinafaulu, panda hadi `p=quarantine` (zisizofaulu ziende folda ya taka), halafu `p=reject` (zikataliwe). Anayeanza moja kwa moja na reject huzuia ankara zake mwenyewe. Hiyo dmarc@ iwe sanduku la peke yake.

Nisisitize kitu kimoja: rekodi hizi hazipunguzi taka unazotumiwa na wengine. Zinazuia wengine wasitumie jina lako, na zinafanya barua zako zifike. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM, na wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku wawe na zote tatu. Wewe hufikii kiwango hicho, lakini ziweke zote. Mnunuzi asipoiona ankara yako hatakupigia kuuliza, atanunua kwingine.

Kama una domeni nyingine uliyoinunua kulinda jina na haitumi barua, weka `v=spf1 -all` na DMARC ya p=reject tangu siku ya kwanza.

---

Kiondo_Export

Mama Milulu, niko upande wa vyondo vya katani huku Kenya, kwa hivyo naongelea zile barua za bei ya jumla. Mashine haiwezi kukuamulia hizi, ni wewe.

Mnunuzi wa kweli anataja kitu. Ataandika "kile kikapu cha mviringo cha sentimita 40 chenye mistari ya kahawia", atauliza idadi ya chini, muda wa kusuka, uzito wa katoni, na kama unaweza kupata cheti cha afya ya mimea, kwa sababu milulu na ukindu ni majani na forodha nyingi zinauliza. Tapeli anaandika barua inayomfaa muuza vikapu, muuza matairi na muuza dawa za meno. Hataji bidhaa, na kabla hajajua bei anauliza kama unapokea kadi.

Usifute, jibu kwa maswali mafupi matatu yasiyojibika bila kuiangalia tovuti: bidhaa gani, ukubwa gani, ipelekwe mji gani. Mnunuzi wa kampuni ya Umoja wa Ulaya muombe namba ya VAT uikague kwenye VIES, tovuti ya Umoja huo ya kukagua namba hizo, ni bure na ni ya umma. Wa Uingereza mtafute kwenye Companies House, sajili ya kampuni za huko. Mnunuzi halali haoni ubaya kuulizwa, yeye mwenyewe atakuuliza yako.

Mtego unaowaumiza sana watu wa kazi za mikono ni malipo ya ziada. Anakubali bei bila kubishana, anataka kulipa kwa kadi, analipa zaidi ya mnachodaiana, kisha anakuomba umtumie tofauti "wakala wake wa usafirishaji" kwa M-Pesa au Western Union. Kadi ni ya wizi. Mwenye kadi akilalamika, benki inarudisha pesa yote kwake, na malalamiko ya kadi yanaweza kuja hata miezi kadhaa baadaye. Unakuwa umepoteza mzigo, pesa uliyomtumia wakala, na ada juu yake. Wakala wa mnunuzi hulipwa na mnunuzi, basi.

Oda kubwa chukua nusu kwa uhamisho wa benki kabla msusi hajaanza, na iliyobaki kabla mzigo haujatoka. Picha ya MT103 (hati ya benki ya uhamisho wa kimataifa) au ya muamala kwenye simu si pesa. Subiri benki yako iseme imeingia na inatumika.

Viambatisho: oda huja kwa PDF au Excel ya kawaida, picha huja kwa JPG. Ukiona .html, .iso, .lnk, .docm, .xlsm, au .zip yenye nenosiri lililoandikwa kwenye barua hiyohiyo, usifungue. Hilo nenosiri lipo ili kichujio cha virusi kisiweze kuchungulia ndani. Na kwenye Windows washa kuonyesha viambishi vya mafaili, la sivyo "oda.pdf.exe" utaiona kama "oda.pdf".

Kuhusu China: ni ulaghai wa siku nyingi. Wanajifanya wasajili, wanasema mtu anataka jina lako kwenye .cn au .asia na wewe una nafasi ya kwanza, ili ununue domeni usizozihitaji kwa bei ya juu. Msajili hana wajibu wa kukuomba ruhusa. Usijibu hata neno moja.

La mwisho. Kwenye ankara zako andika kwamba akaunti ya benki haibadiliki kwa barua pepe, na mteja akipata barua ya mabadiliko akupigie kwa namba anayoijua tangu zamani. Matapeli husajili domeni inayofanana na yako kwa herufi moja na kumwandikia mnunuzi wako katikati ya mazungumzo. DMARC haigusi hilo, maana ile domeni ni yao kihalali.

---

Mama_Milulu

Ahsanteni sana, nimeanza na "From" ya fomu na kweli ilikuwa anwani ya mteja. Maswali mawili yamebaki. Kile kiungo cha kujiondoa chini ya barua nikibonyeze au nisibonyeze? Na ule mfumo wa kuchuja taka wa SpamAssassin ndani ya cPanel niuwashe na ufute moja kwa moja?

---

Posta_Safi

Kujiondoa kunategemea nani ametuma. Huduma uliyojiandikisha mwenyewe, jiondoe, tena kwa kitufe ambacho Gmail inakionyesha juu kando ya jina la mtumaji. Usiyemjua kabisa usibonyeze, unamthibitishia kwamba sanduku lina mtu. Huyo ndiye wa kuripoti kama taka. Vivyo hivyo usiweke jibu la kujiendesha kwenye info@. Linajibu taka, na kwa kuwa anwani za watumaji ni za kubuni, majibu yako yanamwangukia mtu asiyehusika. Zima pia upakiaji wa picha wenyewe, maana picha isiyoonekana ndani ya barua humwarifu mtumaji kwamba umeifungua.

SpamAssassin washa. Huipa kila barua alama za taka, na kiwango chake cha kawaida cha kuiita taka ni 5. Kiache hapohapo mwanzoni na uwashe folda ya taka. Kufuta moja kwa moja kusiwe chini ya 10. Barua ya mnunuzi mgeni yenye picha kubwa na maneno machache inaweza kupata 5 au 6 bila kosa lolote, kwa hiyo pitia folda hiyo mara mbili kwa wiki, na wakati wa msimu wa oda za Krismasi kila siku. Usiorodheshe domeni nzima ya gmail.com kama salama, utazifungulia mlango taka nyingi. Orodhesha anwani za wateja mmoja mmoja.

---

Rekodi_TXT

Nyongeza kwa wanaotumia Contact Form 7 (programu-jalizi ya fomu ya WordPress): inasoma ile orodha ya maneno yaliyokatazwa ya WordPress, iliyoko kwenye mipangilio ya majadiliano. Inafaa kwa viungo na majina ya tovuti za taka, lakini inalinganisha hata katikati ya neno. Ukiandika "cialis" umemzuia kila anayeandika "specialist", na wanunuzi wa maduka ya zawadi hujitambulisha hivyo. Andika vipande virefu, kama jina zima la domeni inayojirudia kwenye taka zako, na kila ukiongeza mstari jitumie ujumbe wa majaribio kupitia fomu kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kutoka anwani isiyo ya domeni yako.